Mbwa anapomlaki mwenyewe kutoka safarini: Furaha, mchezo na tahadhari

MATATU inaposimama Wamagana, eneo la Tetu katika Kaunti ya Nyeri, abiria aliyetoka Nairobi, Mombasa au ughaibuni huwa bado hajafika nyumbani. Mbele yake pana kipande cha njia ya udongo mwekundu, ua wa kaiyaba, na lango ambalo aghalabu limebandikwa bati lenye maneno mawili: 'Mbwa Kali'.

Mbwa anayesifika kijijini kote kwa ukali huanza kulia kwa sauti nyembamba hata kabla ya lango kufunguliwa. Likifunguliwa, humrukia mwenyewe kifuani, humlamba mikono, huzunguka boma mbio mara mbili tatu, kisha hurejea kana kwamba bado hajasalimiwa. Kwa siku kadhaa baadaye atamfuata kila aendako, iwe ni zizini, shambani kwenye mibuni au dukani.

Mapokezi haya ni ya kweli, na wanasayansi wamethibitisha kwamba si mazoea ya kutafuta chakula tu. Hata hivyo, mwenyewe aliyerejea huwa hajui mbwa wake alikuwa wapi wakati yeye hayupo, alipigana na nani, wala aliumwa na mnyama gani. Ndiyo maana siku ya kurudi, ambayo ni siku ya mchezo, inafaa pia kuwa siku ya uchunguzi. Makala haya yanaeleza sababu za mbwa kufurahi namna hiyo, jinsi ya kuutambua mchezo wa kweli, na hatua za kuchukua ili furaha hiyo isigeuke msiba.

KWA NINI MBWA HUSHANGILIA

Mbwa ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 14,000, naye ametokana na mbwamwitu, mnyama aishiye kwa kundi. Miongoni mwa mbwamwitu, watoto huwalaki wakubwa wanaorudi kutoka mawindoni kwa kuwalamba midomo ili watapikiwe chakula. Mbwa anayeruka ili aufikie uso wa mwenyewe anaendeleza desturi hiyo ya kale, ijapokuwa sasa haombi chakula bali anasalimu mtu wa kundi lake.

Mwaka wa 2011, watafiti wa Sweden, Therese Rehn na Linda Keeling, walichapisha utafiti uliolinganisha mbwa walioachwa nyumbani peke yao kwa nusu saa, kwa saa mbili na kwa saa nne. Walioachwa kwa saa mbili au zaidi waliwalaki wenyewe kwa nguvu nyingi kuliko wale wa nusu saa. Naam, mbwa hutambua kwamba mtu amekawia.

Mwaka wa 2022, watafiti wa Japani walitangaza katika jarida la Current Biology kwamba machozi ya mbwa huongezeka anapokutana tena na mwenyewe, ilhali hayaongezeki vivyo hivyo anapokutana na mtu mwingine anayemfahamu. Walihusisha jambo hilo na oksitosini, homoni ambayo pia humfungamanisha mama na mtoto wake.

Kuhusu kumbukumbu, ushahidi mashuhuri ulitolewa na mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin. Aliondoka kwao mwaka wa 1831 kwa safari ya kuizunguka dunia kwa meli ya Beagle, akarejea mwaka wa 1836. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1871 alisimulia kwamba alimjaribu mbwa wake, aliyekuwa mkali kwa wageni, baada ya kutoonana naye kwa miaka mitano na siku mbili. Alimwita kwa sauti yake ya zamani, na mbwa akamfuata na kumtii kana kwamba walikuwa wameachana kwa nusu saa tu. Jambo la kuzingatia ni kwamba mbwa huyo hakurukaruka wala kuonyesha shangwe. Si kila mbwa hufurahi kwa kelele, na mwenyewe asidhani amesahauliwa kwa sababu mbwa wake ametulia.

Pua nayo ina kazi yake. Mbwa ana chembechembe za kunusia zaidi ya milioni 100, ilhali binadamu ana takriban milioni tano au sita. Kwa hiyo anaponusa viatu, mkoba na mikunjo ya suruali, huwa anaisoma safari yenyewe: wapi mwenyewe alikaa, na kama aliwashika mbwa wengine huko alikokuwa.

LUGHA YA MCHEZO

Wahenga walionya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Methali hiyo inahusu mazoea yasiyo na mipaka, na mafunzo yake yanafaa hapa. Mchezo wa mbwa una kanuni zake, na asiyezijua huweza kukosea kati ya mbwa anayecheza na mbwa anayekaribia kuuma.

Ishara kuu ya mchezo ni ile ya mbwa kulaza miguu ya mbele chini huku akiinua makalio na kutikisa mkia. Mtaalamu wa Marekani Marc Bekoff, katika utafiti wake wa mwaka wa 1995, alieleza kwamba mbwa huitumia ishara hiyo hasa kabla au baada ya kung'ata kidogo, kana kwamba anasema: usikasirike, huu ni mchezo tu. Dalili nyingine za mchezo ni mdomo uliolegea na kuachama, mwili unaojipindapinda, na kubadilishana zamu: leo huyu hufukuza, kesho hufukuzwa.

Kwa upande mwingine, mbwa aliyekaza mwili, aliyeziba mdomo, anayekodoa macho bila kupepesa au aliyesimamisha manyoya ya mgongoni hachezi. Anayelamba midomo yake mara kwa mara, kupiga miayo bila usingizi au kugeuza uso pembeni anaomba aachwe. Mtoto anayeendelea kumkumbatia wakati huo hukaribisha meno.

Mkia pekee hautoshi kuwa ushahidi. Mwaka wa 2007, watafiti wa Italia waligundua kwamba mbwa anapomwona mwenyewe, mkia wake huelekea zaidi upande wake wa kulia, ilhali akimwona mbwa mgeni mwenye kitisho huelekea kushoto. Mbwa hutikisa mkia kwa furaha na hutikisa pia kwa wasiwasi. Mwili mzima ndio usomwe.

WAKATI MWENYEWE HAYUPO

Katika maboma mengi ya Nyeri, mbwa hulelewa kwanza kama mlinzi. Hufungiwa kibandani mchana na kufunguliwa usiku. Familia inaposafiri, kazi ya kumlisha huachiwa jirani, kijana wa kukama ng'ombe au nyanya aliyebaki nyumbani. Mara nyingi mambo huenda sawa. Lakini mbwa akikosa chakula hutoka kutafuta mwenyewe, na huko nje hukutana na mbwa wa kuzurura kwenye majaa ya taka, masoko na vichinjio. Maboma yaliyo karibu na msitu wa milima ya Nyandarua yana wasiwasi wa ziada, kwa sababu wanyama wa porini kama bweha nao huweza kubeba kichaa cha mbwa.

Sheria haimruhusu mwenye mbwa kuondoka tu. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inafanya kuwa kosa kumnyima mnyama chakula au maji, au kumtelekeza katika hali itakayomletea mateso, hata kama utelekezaji huo si wa kudumu. Anayesafiri anapaswa kuacha chakula cha kutosha, kumtaja kwa jina mtu mmoja atakayewajibika, na kumwachia nambari ya simu ya daktari wa mifugo pamoja na cheti cha chanjo.

UCHUNGUZI WA SIKU YA KURUDI

Salamu zikishaisha, mwenyewe achukue dakika chache kabla ya kuwaruhusu watoto wacheze na mbwa.

Kwanza, amuulize aliyebaki nyumbani maswali matatu: Je, mbwa alitoka nje ya boma? Alirudi na jeraha? Kuna mbwa mgeni aliyeingia humu? Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko dawa yoyote itakayonunuliwa baadaye.

Pili, ampapase mbwa polepole, akitazama masikio, shingo, miguu na tumbo ili kuona kama ana majeraha, kupe au uvimbe. Jeraha la meno ambalo halina maelezo ni sababu tosha ya kumpigia simu daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na mbwa afungiwe peke yake mpaka ushauri upatikane.

Tatu, alinganishe tabia ya mbwa na ile aliyoiacha. Hili ndilo jambo zito zaidi. Kichaa cha mbwa huanza kwa mabadiliko ya tabia, na mabadiliko hayo huweza kufanana na furaha ya kurudiwa na mwenyewe. Mbwa mpole huwa mkali, na mbwa mkali aliyezoea kujitenga huwa mpole ghafla, akitaka kulambalamba kila mtu. Aliyerejea leo anaweza kudhani kwamba mbwa wake amempenda zaidi, kumbe mnyama ni mgonjwa. Ni yule aliyekuwepo jana na juzi awezaye kusema kama tabia hiyo ilianza kabla ya mgeni kufika.

Dalili zinazofuata ni mate kutoka kwa wingi, kushindwa kumeza, sauti ya kubweka kubadilika, kujificha gizani, kung'ata mawe na vijiti, na miguu ya nyuma kulegea. Kuna aina ya ugonjwa huu ambayo haina ukali wowote. Mbwa hupooza na taya lake huning'inia. Wengi hudhani mfupa umemkwama kooni, wakaingiza mkono mdomoni kumsaidia. Hapo ndipo virusi vilivyomo katika mate hupata njia kupitia mikwaruzo ya vidole. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wajihadhari vivyo hivyo, kwa kuwa ng'ombe aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huweza kuonekana kana kwamba amekwamwa na kitu kooni.

UZITO WA UGONJWA WENYEWE

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa mmoja katika viunga vya Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye bado hakijaisha. Makadirio yanayotumiwa na serikali ni kwamba huua takriban watu 2,000 nchini kila mwaka. Kote duniani, makadirio ni watu wapatao 59,000 kwa mwaka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, maambukizi 99 kati ya kila 100 kwa binadamu hutokana na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaofariki ni watoto wa chini ya miaka 15.

Watoto huathirika zaidi kwa sababu zinazoeleweka. Wao hucheza na mbwa kwa karibu, kimo chao huuweka uso na shingo mbele ya meno, na wengine huficha jeraha kwa kuogopa kukaripiwa. Mwezi wa Desemba, familia zinapopanda kutoka Nairobi kwenda kwa kina cucu na guka, watoto waliozoea picha za mbwa wa runinga hukutana na mbwa wa lindo ambaye hajawahi kuwaona. Mbwa anayemshangilia baba yao hana deni la kuwashangilia wao.

Virusi hivi husafiri kwa mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni. Kwa binadamu safari hiyo huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, lakini huweza kuwa juma moja au hata mwaka mzima. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huua karibu kila mara. Kabla ya hapo, unaweza kuzuiwa kabisa. Hiyo ndiyo sababu saa za kwanza baada ya kuumwa zina thamani kubwa.

ENDAPO MTU AMEUMWA

Hatua ya kwanza haihitaji hospitali. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe pilipili, tumbaku, mafuta ya taa wala majani.

Hatua ya pili ni kwenda katika kituo cha afya bila kungoja. Chanjo hutolewa kwa awamu, ya kwanza siku ya kufika, kisha siku ya tatu, ya saba na nyinginezo kwa ratiba ambayo mhudumu wa afya ataieleza. Ratiba hiyo haifai kukatizwa kwa sababu jeraha limepona au kwa sababu likizo imekwisha na familia inarudi mjini. Chanjo inaweza kuendelezwa katika kituo kingine, mradi mgonjwa awe na kadi yake. Majeraha makubwa, hasa ya uso, kichwa na mikono, huhitaji pia imunoglobulini inayodungwa kwenye jeraha lenyewe.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira iwapo anaweza kufungiwa kwa usalama. Huangaliwa kwa siku 10, naye daktari wa mifugo huarifiwa. Mbwa mwenye virusi katika mate huonyesha dalili au hufa katika kipindi hicho. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakuwa akiambukiza siku aliyouma. Hata hivyo, matibabu ya binadamu huanza mara moja, na wala hayasubiri majibu ya mbwa.

Tiba hii ina historia ndefu. Mnamo Julai 6, 1885, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alianza kumtibu Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa, na mvulana huyo akaishi. Pasteur alifariki Septemba 28, 1895, na tarehe hiyo sasa ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

CHANJO NA WAJIBU WA KAUNTI

Njia ya bei nafuu ni kumchanja mbwa mwenyewe. Mtoto wa mbwa huchanjwa kwa kawaida afikishapo miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. WHO inasema kwamba asilimia 70 ya mbwa katika eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Mkakati wa kitaifa ulioanza mwaka wa 2014 unakusudia kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa nchini ifikapo mwaka wa 2030.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti huduma za mifugo pamoja na udhibiti na maslahi ya wanyama, ukiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hivyo mkazi wa Wamagana anayetaka kujua siku ya chanjo ana ofisi ya kuuliza, nayo ni ya idara ya mifugo ya kaunti. Anayepanga kusafiri Desemba achanje mapema, kwa kuwa kinga huhitaji majuma kadhaa ili ikomae.

SIKU ZA KWANZA NYUMBANI

Mbwa akionekana mzima, mchezo na uanze, ila kwa utaratibu. Mwenyewe asalimie kwa sauti tulivu na kumpapasa mbwa miguu yake yote minne ikiwa chini. Anayerukiwa ageuke pembeni bila kufoka, kwani makelele humchochea zaidi. Vipindi vifupi vya kurusha kijiti au mpira, asubuhi na jioni, hufaa kuliko mbio za siku nzima, hasa kwa mbwa aliyekuwa amefungwa kwa majuma mengi. Saa za kula zirudie zile za awali.

Zawadi za safari ziwekwe mbali. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, na vivyo hivyo buni na majani ya chai kwa wingi, zabibu, vitunguu, na peremende zisizo na sukari zilizotiwa zailitoli. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Dawa za kunyunyizia kahawa zifungiwe stoo.

Viatu vya safari navyo visisahaulike. Virusi vya parvo, vilivyoenea duniani mwaka wa 1978 na ambavyo huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, hudumu ardhini kwa miezi na huweza kubebwa kwa soli. Aliyetembelea boma lenye mbwa wagonjwa asafishe viatu kabla ya kuwashika watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa.

Watoto wa nyumbani na wageni wafundishwe kanuni nne: usimsumbue mbwa anapokula, anapolala au anaponyonyesha, usimkimbie mbwa usiyemjua, usimkumbatie shingoni, na ukikwaruzwa au kuumwa, hata kidogo, mwambie mtu mzima papo hapo, nawe hutachapwa. Ahadi hiyo ya mwisho itolewe na wazazi wenyewe, na itimizwe.

Baada ya juma moja hivi, mambo hutulia. Mbwa hurudi kibandani mchana na langoni usiku, na mwenyewe hurudi kwenye kazi zake. Atakaposafiri tena, mbwa atangoja bila kujua siku ya kurudi. Mwenyewe ndiye aijuaye kalenda, na cheti cha chanjo ni juu yake kukitazama kabla ya kulifunga lango.